Mama, Faili Lako Limegoma Kufunguka

Mpendwa mama,

Umegoma kufunguka. Sina namna nyingine ya kukueleza. Tangu wiki iliyopita nimekaa hapa Nyasho mbele ya kompyuta ninayotengenezea video za harusi za watu, nakubembeleza uingie kwenye programu ya kuhariri, nayo kila nikikubofya inanijibu kwa mkato kwamba faili hili halifunguki. Haisemi kwa nini. Ungekuwepo ungeshaigombeza.

Nazungumzia ile rekodi ya televisheni, ya siku walipokuja kukupiga picha shambani Bunda. Jumamosi tunakujengea msalaba wa saruji kaburini, na ndugu wameniagiza niwaonyeshe video yako baada ya chakula. "Si wewe ndiye mtu wa video?" kaka akasema, na kikao kikaishia hapo. Ila mimi nina sababu yangu ambayo sikuwaambia. Sauti yako imeanza kunipotea. Picha zako zipo tele, za kipaimara, za harusi, nyingine umefumba macho. Sauti haipo popote. Simu yako ya kitochi haikujua kutuma sauti, na sisi tulikuwa tunapigiana, tunaongea, tunaagana kama watu ambao kesho wataongea tena. Juzi nilijaribu kukusikia kichwani ukiniita, nikasikia sauti ya dada. Nilishtuka, nikazima jiko, nikakaa chini.

Siku ile unaikumbuka. Walikuja watatu na gari, wakiulizia mkulima wa pamba anayeweza kuongea, na jirani akawaleta kwako moja kwa moja. Mpaka leo sijui kama alikuwa anakusifu au anakusema. Wakakuomba uendelee kuchuma kama kawaida. Ukawaambia wasubiri. Ukaingia ndani, ukatoka na lile gauni lako la zambarau la kanisani, na kilemba chake juu. Yule mwenye kamera akasema kwa upole, "Mama, tulitaka uwe na nguo za kazi." Ukamtazama kuanzia viatu kwenda juu.

"Nijiaibishe mbele ya nchi nzima ili wewe upate kazi?"

Ukachuma pamba na gauni la Pasaka, na hakuna aliyethubutu kucheka isipokuwa mimi, nyuma ya gari.

Kipindi kiliporushwa sebule yako ilijaa mpaka wengine wakatazamia dirishani. Nikachomeka flashi nyuma ya king'amuzi, nikabonyeza kurekodi. Ulipojiona tu ukaanza kugombana na televisheni. "Sikusema hayo tu! Niliongea habari ya mizani, niliongea habari ya dawa ya wadudu. Mbona wamenipunguza?" Watu wakacheka. Kipindi kilipoisha ukanigeukia: "Hiyo flashi itunze. Wajukuu wasije wakaambiwa bibi yenu alikuwaga bubu."

Nikaitunza. Kwa hilo sina deni kwako.

Shida ilikuja baada ya maziko, wazee walipokaa kugawa vitu vyako. Vitenge kwa dada. Plau kwa kaka. Televisheni na king'amuzi chake vikaenda Butiama kwa shangazi, kwa sababu ni dada yake marehemu baba, na kwa sababu hakuna mtu pale aliyekuwa na ubavu wa kumwambia hapana. Mimi nikabaki na flashi. Ugawaji ulikwenda vizuri sana, kila mtu akaridhika, na hakuna aliyejua kwamba tumemgawa mtu huku na funguo zake kule.

Nimejaribu yote niliyojifundisha mwenyewe. Nimebadilisha herufi za mwisho za jina la faili, nikaliita kama mafaili mengine, lakini hiyo ni sawa na kumwita punda ng'ombe halafu ukachukua kibuyu ukamkamue. Nimelipitisha kwenye programu za kugeuza video. Moja ikanitolea miraba ya kijani inayotetemeka na ukimya mtupu. Mama, nilikaa nikiitazama ile miraba hadi mwisho. Nilijua wewe uko humo, unachuma.

Mwisho nikamwendea mwenzangu wa mjini, naye anarekodi misiba na harusi.

"Ulirekodi kwa king'amuzi gani?"

"Cha mama."

"Kiko wapi?"

"Butiama."

"Basi unafanya nini hapa?"

Akanieleza kwamba ving'amuzi vingine vinaifunga rekodi, na ufunguo unakaa ndani ya kifaa kilekile kilichorekodi. Hata ununue kingine cha aina hiyohiyo, ni bure.

Nikaenda. Shangazi alinipokea kwa ugali wa muhogo wa udaga na sato, akaniacha nishibe kwanza, ndipo akaniuliza nimekuja kuchukua nini. Nikamwambia naomba king'amuzi, nikirudishe baada ya Jumamosi.

"Hakitoki," akasema. "Kitu cha marehemu kikishagawiwa hakirudi nyuma. Kikirudi kinarudi na nini? Anayemtaka wifi yangu aje amtazame hapa."

"Shangazi, ni kazi ya kompyuta tu."

"Na huku kwangu ni kazi ya king'amuzi tu. Kaa."

Nikakaa. Nikafikiri, basi nitairekodi skrini kwa kamera yangu ya harusi, siyo safi lakini inafaa. Nikasimamisha kamera, nikafunga pazia, nikawaomba wote watulie kama kanisani. Nikachomeka flashi, shangazi akabonyeza rimoti, maana nyumbani kwake rimoti haishikwi na mwingine.

Ukatokea. Hivihivi, kirahisi, na gauni lako.

Na shangazi akaanza kuongea. Unamjua, ana sauti ya kuita ng'ombe waliovuka bonde. "Yeee! Wifi! Tazama wifi alivyopendeza!" Nikampungia mkono anyamaze, akadhani nami nakusalimia. Ukaeleza jinsi ulivyoanza kulima pamba ukiwa msichana, yeye akadakia, "Kweli kabisa!" Yeye huyohuyo aliyekuwa akitangaza kwamba kaka yake hakuoa mke, alioa mdomo. Ukaingia kwenye habari ya mbegu, akapunguza sauti, lakini ya kwake ikipungua bado inakushinda wewe. "Wifi, ule ugomvi wetu wa ng'ombe wa mahari, ndiyo maana niliona aibu kuja hospitali ulipolazwa. Nisamehe, wifi." Wewe ukaendelea na mbegu.

Sikukasirika wakati ule. Nilijiambia tutarudia, na mara ya pili nitamtoa nje kwa heshima zote, nimtume hata sukari. Umeme ukapepesa, ukakatika, ukarudi. King'amuzi kikawaka upya. Mimi nilikuwa nimeinama, naweka sawa miguu ya kamera.

"Kimeuliza kitu kwa Kiingereza," shangazi akasema.

"Usibonyeze!"

"Nimeshakijibu. Kimeandika OK, nami nikasema OK. Ningekaa kimya kama mtu asiye na adabu?"

Kilikuwa kinauliza kama kifute flashi yote. Kikafuta.

Nakala iliyokuwa kwenye kompyuta, ambayo nilikuwa nimeibeba begini, nikairudishia kwenye flashi. King'amuzi kikaipekua, kikaandika kwamba hakuna rekodi; kilipofuta flashi kilitupa na ufunguo wake. Shangazi akauliza kama kimeharibika. Nikasema hapana, kizima kabisa. Nikaaga kabla sijasema neno ambalo lingeitisha wazee wakae tena.

Sasa niko Nyasho, na faili langu la kamera limefunguka mara moja, bila swali. Ndani yake kuna televisheni, kuna vivuli vyetu kwenye kioo, na kuna wewe, chini ya shangazi. Nimejaribu kuwatenganisha. Nikipunguza sauti yake unapungua na wewe. Mnazama pamoja na kuibuka pamoja. Mahali pamoja tu uko peke yako. Mwandishi anakuuliza kama utalima tena mwakani, shangazi anavuta kamasi, na wewe unasema, "Eeh. Sasa nitakula nini?" Basi. Ni wewe, mama. Ile "eeh" inayoshuka mwishoni, kama mtu anayetua ndoo. Nimeirudia mpaka jirani amegonga ukuta.

Jumamosi shangazi atakaa mbele, kiti cha wakubwa, na atajisikia mbele ya ukoo mzima akikuomba msamaha uliokuwa hutaki kusikia habari yake. Labda atanichukia. Labda watalia wote wasikusikie tena. Kaka anasema nimwondoe tu, nibakize picha, niweke kwaya. Sitaweka kwaya. Nimepitia sekunde kwa sekunde.

Kaa vizuri huko uliko, na kama wanavaa nguo za kazi, wewe usikubali. Hapa nakuaga, faili linahifadhiwa. Nitaionyesha video yote kama ilivyo. Sijamsamehe shangazi. Nimekosa tu mahali pa kumkata yeye nisikukate wewe.

Ni mimi, kitindamimba wako.