Chupa Aliyojiwekea Mama

Alhamisi, 14 Machi 2019

Daktari amekuja. Amempima Mama, amekunja vifaa vyake taratibu. Barazani akaniambia moyo umechoka, wiki mbili, labda tatu, tusimsumbue na hospitali. Nikamshukuru! Mtu anakupa habari kama hiyo, nawe unamshukuru na kumletea kahawa.

Mama ana miaka themanini na tisa. Sina haki ya kulalamika, wanasema. Nalalamika.

Alasiri kaniita. "Wasila, chupa yangu ipo?" Nikasema ipo, Mama. Chupa gani, sikujua. Nilimwitikia tu, kama unavyomwitikia mgonjwa. Ndipo akaeleza: ile ya rafu ya juu, nyuma ya mtungi wa kuskusi, yenye nta na uzi mwekundu. Maji ya maua ya mdanzi aliyoyakeneka kwa mvuke mwaka juzi, mara yake ya mwisho kukaa mwenyewe mbele ya chungu cha shaba. "Mkishaniosha," akasema, "mnimiminie hayo kabla ya sanda. Mama yangu naye aliondoka na ya mkono wake."

Nikamfunika blanketi, nikatoka.

Ijumaa, 15 Machi

Niandike tu, hakuna atakayesoma.

Niliifungua mimi. Januari, siku walipokuja kumposa binti wa kaka yangu Mongi. Maji yetu ya mwaka yameisha, sebuleni wageni thelathini, na hapa Nabeul kumpa mgeni kahawa isiyo na maji ya maua ni sawa na kumwonyesha mlango. Nikapanda kigoda, nikaona chupa, nikavunja nta kwa kisu. Uzi nikautupa. Nusu kwenye kahawa, nusu nikakandia unga wa vitamutamu. Wakasifu! Na Mama mwenyewe, kwenye kiti chake, akanywa kikombe kizima, akauliza, "Maji mazuri haya, ya nani?" Nikasema ya kwetu.

Alikunywa maji yake ya kuzikiwa. Leo nilicheka peke yangu jikoni, kisha nikalia mpaka nikashika ukuta.

Jumapili, 17 Machi

Nimepita nyumba kwa nyumba. Mama kagawa chupa mtaa mzima, kila msimu wa maua, miaka sabini. Hata mmoja hakubakiza?

Hata mmoja. Bi Beya wa mlango wa pili alinicheka. "Maji ya mama yako Mannubia yakae miaka miwili? Kwangu hayamalizi miezi miwili! Mjukuu kaumwa tumbo, maji. Mume kanuna, maji." Nilipomwambia kwa nini nauliza, akafunika mdomo kwa mtandio. "Usimwambie, mwanangu. Utamuua kabla ya siku yake."

Mongi kapiga simu toka Sfaksi. Eti ninunue sokoni, dada, maji ni maji, atajuaje? Nikamkatia. Mtu aliyelelewa na pua ile ya Mama anauliza atajuaje! Pua iliyonasa sigara yake ya kwanza kupitia milango mitatu. Akapiga tena, analia, mzee mzima na mvi zake. Hatuna la kufanya, yeye kule, mimi huku.

Jumatano, 20 Machi

Nimemwogesha. Kawa mwepesi hivi kwamba namgeuza kwa mkono mmoja. Natamani angekuwa mzito.

Aliletwa nyumba hii na miaka kumi na saba, na magodoro mawili na chungu kile cha shaba. Kazaa saba, kazika wawili. Sikumbuki hata siku moja akikaa kula nasi. Alikula amesimama, akitazama sahani zetu. Nilipokuwa mwalimu, mtu mzima na mshahara wangu, bado alinifichia kipande cha nyama chini ya kuskusi, upande wangu wa sinia, kaka zangu wasikione. Januari ile ya zamani ya ghasia za mkate, bei ilipopandishwa, Baba kajifungia na redio yake; yeye akatoa ngano yote ya mtungini, akaoka mikate ya mtaa mzima kwa siku tatu. Hakumuuliza mtu.

Kwenye kitambulisho chake, mahali pa kazi, wameweka kistari.

Jumanne, 26 Machi

Baridi haiondoki. Nataka kukeneka mapya, ila mdanzi wa uani una vitumba tu, vigumu kama dengu. Nimeutukana mti! Jirani kanichungulia ukutani, nikajifanya naanika nguo.

Mama kauliza tena chupa. Nikasema ipo.

Ijumaa, 29 Machi

Maua! Bi Beya kayapata kwa shemeji yake mwenye shamba upande wa jua. Kilo nne. Nimeyatandaza juu ya shuka.

Jumamosi, 30 Machi

Chungu kimekaa motoni tangu asubuhi, Bi Beya anabadilisha maji ya kupozea mvuke. Mara sauti toka chumbani, ndogo lakini ya amri: "Punguza moto, unaunguza!" Na kweli nilikuwa naunguza.

Nilipomwendea akauliza, "Unakeneka ya nini, na yangu ipo?" Nikasema ya wageni. Siuhesabu tena uongo wangu.

Nimepata chupa moja nzuri. Nimeyeyusha nta, nimefunga uzi mwekundu. Tatizo ni kwamba maji mapya yana harufu ya moto. Yanatakiwa kukaa siku arobaini ndipo iyatoke, kila mwanamke wa hapa anajua. Bi Beya anasema, katika hali ile hatasikia tofauti. Daktari karudi. Hasemi tena wiki, anasema siku.

Jumapili, 31 Machi

Hajatia kitu mdomoni tangu juzi. Asubuhi akasema lete chupa, niione. Nikaleta. Akapapasa nta, akapapasa uzi.

"Fungua."

Nikafungua. Akanusa, kafumba macho.

"Yana moto," akasema.

Nikapiga magoti. Nikamwambia yote — wageni, kisu, kahawa, vitamutamu.

"Na kikombe changu?"

"Na kikombe chako, Mama. Nisamehe."

Mabega yakatikisika, nikadhani analia. Anacheka! "Yalikuwa mazuri," akasema. Kisha pumzi ikamwishia, nikamwinua, nikamsugua mgongo, sijui namsaidia au namwumiza.

Alipotulia akaishika tena ile chupa. "Haya umekeneka wewe."

"Mimi, Mama."

"Basi nataka haya. Lakini si hivi yalivyo. Yakae siku zake arobaini." Akanitazama kama anavyomtazama mtu aliyechelewa kurudi na ngano. "Nitajaribu kungoja. Niletee supu."

Nimehesabu mara mbili. Siku ya arobaini ni tarehe tisa Mei.

Kijiko cha kwanza kimemtoka, cha pili pia. Nikampangusa shingo, nikasema basi, Mama, inatosha. Akatikisa kichwa. Cha tatu akameza, jasho likamtoka. Sasa kasinzia, na kaniambia nisiondoe bakuli. Nimelipakata, linapoa. Nyama nimeiponda mpaka imekuwa uji. Kope zinacheza. Ananitafuta kwa mkono, anafungua mdomo apewe kijiko cha nne —