Hotuba Yangu Kuhusu "Round"

Clarrie acha unachofanya, usome hapa. Nimejiaibisha vibaya.

Chemsha bongo pale klabuni, swali la mwisho. Tumelingana pointi na meza ya mabosi wa bandari, zawadi sinia zima la nyama. Na muulizaji nani? PASCOE! Yule msaliti aliyeingia kazini siku tunagoma. Sijasahau, wala sitasahau.

Kauliza neno la Kiingereza "round" laweza kuwa aina ngapi za maneno. Nikamnong'oneza mke wangu Glenys, mwenye kalamu: tano. Karatasi zikakusanywa, Pascoe akatangaza jibu: tatu.

TATU, Clarrie! Nikapanda kiti. "Neno ni lile lile! Raundi ya bia, 'a round', nomino! Kuzunguka kona, 'to round', kitenzi! Meza ya duara, 'round table', kivumishi! Kugeuka nyuma, 'turn round', kielezi! Ua kuzunguka nyumba, 'round the house', kihusishi!" Ukumbi mzima makofi.

Pascoe akanywea. "Haya bwana, tano." Akapekua karatasi. Walioandika tano ni mabosi peke yao.

"Glenys! Si nilikwambia tano?"

"Niliandika tatu, mzee. Pascoe namjua, hajui zaidi ya hapo. Tulishashinda, wewe ukapanda kiti."

Mabosi wamekuja kunishika mkono, Clarrie. Wameniita komredi.