Jina Lililotolewa Kwenye Diski ya Boaz

Masumbwe,
Jumanne.

Kwako dada yangu Sesilia, Mama Ignas,

Shikamoo dada. Miguu inaendeleaje? Naomba Mungu barua hii ikukute uvimbe umepungua na unatembea mwenyewe mpaka kanisani. Sisi huku tu wazima. Mvua imekuja, mpunga umeshika. Baba Boaz anakohoa kidogo, lakini kwenye kula hajarudi nyuma, kwa hiyo sina wasiwasi naye.

Barua anakuletea Loveness, binti wa jirani yangu. Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Dada, simu yako wanapokea wajukuu, na wanaweka sauti kubwa nyumba nzima isikie. Haya yasome mwenyewe, mlango umeufunga.

Nianze na mwanao Boaz, maana mtoto huyu sijui nilikula nini nikiwa na mimba yake. Unakumbuka yeye na Ignas walivyokuwa wakishinda dukani kwa Mzee Dilip pale Kagongwa, wanafungua redio mbovu na kuzifunga tena. Basi Boaz hakuacha. Sasa ana leseni ya serikali ya kuzungumza kwenye redio ya upepo na watu wa nchi zote, kwa kupenda tu, halipwi. Kila mtu wa redio hizo anapewa ishara ya mwito, yaani herufi na namba, kama gari lilivyo na namba yake, na hazifanani dunia nzima. Ukimsikia mtu hewani unasikia ishara tu, hujui ni nani. Ndipo Boaz akatengeneza programu: unaandika ishara, kompyuta inakutajia jina la mtu na anakoishi. Anaiweka kwenye diski, kwa sababu wazee wengi wa redio wako porini ambako intaneti ni ya kubahatisha. Kila mwaka anatoa diski mpya, anagawa bure.

Na kwa kuwa kwetu nyumba hazina namba, yeye anaandika kama unavyomwelekeza mgeni: shuka Kagongwa, uliza duka la spea lenye mlango wa bluu. Mzungu mmoja wa Finlandi alimwandikia kwamba hajawahi kuona anwani nzuri kama hizo. Barua hiyo nimeiwekea fremu, iko ukutani karibu na picha ya Bikira Maria. Baba Boaz alinung'unika. Nikamwambia Maria naye ni mama, ataelewa. Mwamvua wa mashineni yeye aliazima diski moja akaiweka kwenye deki yake, ikakaa kimya, basi akatangaza soko zima kwamba mwanangu kanitengenezea diski bubu. Nilimwacha. Hajui kitu.

Sasa dada, kaa chini.

Kabla ya Kwaresma Boaz alikuwa anaandaa diski ya mwaka huu. Majina ya nchi jirani anayachukua kwenye orodha zao, na mimi namsomea kwa sauti ili macho yake yapumzike. Darasa la saba langu si la bure. Tulipofika Zambia nikasoma: Ignas Maganga, Solwezi. Boaz akasimamisha vidole. Akaniambia nisome tena. Nikasoma tena. Nikasema majina yanafanana, watu ni wengi.

Nisamehe kwa kulitaja duara lile, shimo la dhahabu alilokuwa akichimba Ignas. Lilipoporomoka kule Geita, wakashindwa kuwatoa wote, wakafukia, sisi tulimhesabu Ignas yumo. Tulinyoa nywele. Tuliweka msalaba pasipo na kaburi.

Jumamosi jioni watu wa redio wa nchi hizi hukutana hewani, kila mmoja anataja ishara yake na kusema anasikika vipi. Boaz akaiita ile ishara ya Solwezi. Ikajibu. Akaisalimia Kisukuma, mwadila. Nikadhani mawimbi yamekatika. Halafu sauti ikasema mwadila, Boaz. Na Boaz alikuwa hajataja jina lake. Ilikuwa sauti ya marehemu shemeji Maganga, ile ile, yenye mikwaruzo.

Niliruka nikishike kipaza sauti. Boaz akanishika mkono. Akasema asiye na leseni haruhusiwi kusema, tena masikio ya nchi nyingi yako pale, mambo ya familia hayasemwi. Nilimkasirikia. Nikamwambia nimekuzaa mimi, siyo serikali. Akanijibu taratibu kwamba nikipiga kelele Ignas atazima redio na hatutamsikia tena. Nikakaa.

Kesho yake Ignas alimwandikia kwenye kompyuta. Yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wa matimba, ile miti inayoshikilia kuta za shimo. Siku ile alipanda juu kufuata miti mipya, akawaambia wenzake iliyopo itahimili mpaka arudi. Haikuhimili. Alikimbia hivyo hivyo na nguo za kazi. Aliomba jina lake litolewe kwenye diski, kwa sababu diski hizo zinafika Geita na huko kwenu Ushirombo, na kuna watu hawezi kuwatazama usoni. Akaomba pia Boaz asimwambie mtu.

Boaz amelitoa. Nilimwona analitoa. Anasema mtu akikataa kuandikwa, haandikwi. Na aliahidi kunyamaza, na atanyamaza, ndivyo nilivyomlea.

Ila mimi sikuahidi chochote. Hakuna aliyeniuliza. Dada, mwanao yu hai.

Lia, lakini lia kwa ndani. Mama Mwigulu yuko ng'ambo ya ua wako, na Mwigulu wake yumo mle shimoni kweli. Msalaba usiung'oe. Ukiwa na hasira na Ignas kwa miaka hii yote, una haki; mimi mwenyewe ninazo.

Njoo Jumamosi. Boaz alimwambia hewani kwamba mimi huwa nakaa pembeni nasikiliza, na tangu hapo Ignas anasema polepole. Anasema ni mzima. Halafu anauliza Ushirombo kuna hali ya hewa gani. Hali ya hewa inaruhusiwa kuulizwa. Kila Jumamosi anauliza, na Boaz anabuni jibu.

Kusema hutaruhusiwa. Lakini utakuwa umetoka huko asubuhi ile ile. Mnong'oneze Boaz kama mvua imenyesha, yeye atamjibu.

Wajukuu wabusu wote, na huyo mdogo mwambie shangazi Loveness ana karanga zake kwenye mfuko. Baba Boaz anakusalimu, hajui ninachoandika. Nauli ya kuja usihangaike nayo.

Ni mimi mdogo wako anayekungoja,

Limi, Mama Boaz