Wananiita Wakili, Shangazi Anatolewa Shambani

Mpendwa Mama Fides, naomba msaada wako kabla sijaharibikiwa kabisa. Nina miaka ishirini na tisa, kwetu ni Ileje, milimani huko juu ya Itumba, nilisoma sheria chuo kikuu nikahitimu vizuri, na siku ya ibada ya shukrani mchungaji alinisimamisha akasema huyu ndiye wakili wetu, akina mama wakanifunga vitenge juu ya joho, nikaitikia amina, ingawa nilijua fika kwamba shahada peke yake haimfanyi mtu wakili mpaka apite shule ya sheria kwa vitendo, afaulu, ndipo aapishwe. Huko nilikwenda, Mama Fides, nikaanguka, nikarudia, nikaanguka tena somo la mashauri ya madai, nikaondolewa, na nyumbani sikumwambia mtu, nilisema nasubiri kuapishwa, na huu ni mwaka wa tatu nasubiri. Sasa nachapa barua na kujaza fomu kwenye duka la steshenari hapa Tunduma karibu na mpaka, na hata madereva wa Zambia wananiita "ba loya", yaani wakili, na mimi naitika.

Tatizo ni shangazi yangu Jenista, dada yake marehemu baba, ndiye aliyenilea na kunisomesha kwa kahawa yake. Aliolewa Igamba, ni mjane, na shemeji yake Osea alimshtaki kwenye baraza la ardhi akidai shamba ni la ukoo wao, akashinda. Shangazi alinipigia siku hiyohiyo akasema, "Mwanangu, mie siogopi, si ninaye wakili wangu?" nikamwambia rufaa niachie mimi. Na kweli niliiandika, kurasa nne, sababu sita, na mpaka leo naamini ilikuwa nzuri, ila mwishoni mwa nyaraka kama ile pana sehemu ya kuandika jina la aliyeiandaa, na hapo ndipo niliposhindwa, kwa sababu nikijiandika wakili ni kosa la jinai, na nikimwambia shangazi aiwasilishe kwa jina lake au twende kwa wakili wa kweli, atauliza kwa nini nisiwe mimi. Kila nikitoka kazini nilikuwa naitoa kwenye begi, naitazama, naikunja tena, mpaka siku arobaini na tano za kukata rufaa zikaisha. Shangazi akipiga simu namwambia iko mahakamani.

Wiki iliyopita dalali wa mahakama alikwenda kubandika mlangoni kwake notisi ya kuhama ndani ya siku kumi na nne. Binamu yangu Brenda alikuwepo, anasema shangazi hakulia, alicheka, akawaambia, "Bandikeni tu, wanangu, gundi si mnayo? Mwanangu wakili yuko Tunduma, mtakuja kuibandua wenyewe." Na mumewe amezikwa palepale kwenye mibuni. Sijapata usingizi siku nne. Nimefikiria kuvuka mpaka nikakae Nakonde nisirudi tena, na nimefikiria na mengine ambayo siyaandiki. Nifanye nini, Mama? Tafadhali badilisha jina langu, watu wasinijue.

Gwantwa, Tunduma

*

Gwantwa,

Jina lako nimelibadilisha. Nimebadilisha pia la shangazi yako na la Brenda, ambao hukuwaombea. Katika barua nzima umekumbuka kulificha jina moja tu.

Pole, na pole hii naisema kwa dhati. Kuanguka mitihani ile si aibu, wanaanguka wengi wenye akili kuliko mimi. Na kurudi na habari kama hiyo kwa kanisa lililokuvisha vitenge ni kazi ngumu. Hayo mengine usiyoyaandika, yaseme leo kwa Brenda, kwa mdomo, kabla ya jambo lingine lolote, na usikae peke yako. Hapo sikuombi, nakuagiza.

Sasa nikugombeze, maana umeyataka. Mtu hahitaji wakili ili akate rufaa. Shangazi yako angeweza kuitia sahihi mwenyewe, na wasaidizi wa kisheria wasiotoza kitu wapo. Ungemwambia tu, "Shangazi, nilifeli, ila karatasi hii hapa," angekuwa ndani ya muda. Hakutafuta mtu mwingine kwa sababu alikuwa na wewe. Umemnyang'anya siku arobaini na tano ambazo hata Osea asingeweza kumnyang'anya, na ulifanya hivyo ili uendelee kuitwa jina lisilo lako. Nimekasirika, na sioni sababu ya kukuficha.

Nimemuuliza wakili mmoja wa Mbozi, mzee Yesaya, ambaye hana maneno mengi. Anasema njia iliyobaki ni nyembamba: kuiomba Mahakama Kuu iongeze muda, na kuomba pia utekelezaji wa hukumu usimame kwanza. Ombi hilo linataka kiapo cha maandishi kinachoeleza kila siku iliyochelewa ilikwenda wapi. Shangazi yako hawezi kuzieleza siku hizo, maana hakujua kama zinakwisha. Kwa hiyo utaapa wewe: kwamba si wakili, kwamba uliondolewa masomoni, kwamba ulisema rufaa iko mahakamani nayo iko kwenye begi lako. Osea atakisoma kiapo hicho, na kabla ya mvua kunyesha Ileje nzima itakuwa imekisikia. Nilimuuliza mzee kama haiwezekani kuandika kwamba uliugua. Akanijibu, "Mama, kwa uongo huo asije kwangu."

Na bado mahakama inaweza kukataa. Uzembe haupendwi kule, na wako ni uzembe mtupu. Sikupi matumaini ya bure.

Kwa hesabu yangu, utakaposoma hapa zitakuwa zimebaki siku tano. Kesho asubuhi uwe Igamba, na usimpigie simu kwanza. Usimtangulize mchungaji akuombee radhi. Kaa mbele yake umwambie yote, akikutukana pokea, akikufukuza kaa nje ya mlango mpaka atoke, maana sahihi yake bado inahitajika. Keshokutwa muwe kwa mzee Yesaya na hukumu, notisi, ile rufaa, na barua yako ya kuondolewa masomoni. Hiyo barua usijifanye umeipoteza.

Nakonde usiende. Ombi likikubaliwa, utaanza kazi ya kuaminiwa upya, na ni ya miaka. Likikataliwa, siku ya kutolewa uwepo, ubebe vyombo vyake. Kisha wewe, si Brenda wala mtu mwingine, ndiye utakayekwenda kwa Osea kumwomba shangazi aruhusiwe kuingia kupalilia kaburi la mumewe.

Mama Fides