Jumatatu ya Gari la Baba

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Marahaba yako sitaisikia, lakini wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mtu hamwagi shida zake kabla ya salamu. Leo ni Jumatatu, saa tano asubuhi, na gereji yangu hapa Ng'ambo, Tabora, nimeifunga. Wateja wawili wamegonga geti, nimenyamaza kama sipo. Nimekaa kwenye kiti chako cha dereva, daftari nimeliegemeza kwenye usukani, na mkono wangu una grisi, kwa hiyo usinilaumu kwa madoa.

Gari lako limenitia aibu, baba. Wiki chache baada ya kukuzika likaanza kukosa sailensi, ule mngurumo mtulivu wa gari lililosimama. Asubuhi linawaka vizuri tu. Likishapata moto, ukilisimamisha bila kukanyaga mafuta, linapanda lenyewe, vuuum, linashuka mpaka linataka kuzima, halafu vuuum tena. Mama aligoma kulipanda kwenda kanisani. Kaka Masanja akacheka, "Fundi mzima, gari la baba linakushinda? Kweli mganga hajigangi. Tuliuze." Akatafuta mnunuzi Nzega, wakakubaliana aje leo saa nane mchana. Nilitamani kumrushia spana.

Usidhani nilikaa tu. Nilibadilisha plagi, nikasafisha nozeli, nikasugua mlango wa hewa mpaka ukang'aa. Mashine ya kupima ikaniambia injini inapata hewa nyingi kuliko mafuta, nikailaumu sensa ya hewa, nikaweka nyingine. Wapi! Vuuum. Usingizi ulinipaa. Nilikuwa nakula huku naisikia ile sauti, naongea na watu huku naisikia, na kila ikipanda moyo wangu nao unapanda. Kuliuza gari lako likiwa zima ningevumilia. Kuliuza kwa sababu mimi nimeshindwa, hapana.

Leo nimefungua boneti mara ya mwisho, spana mkononi, ndipo nikakukumbuka Urambo. Nilikuwa darasa la sita, tumeenda kwenye mizinga yako ya nyuki, na mimi kwa haraka zangu nikanyoosha mkono nifungue. Ulinishika bega. "Taratibu, mama. Sikiliza kwanza, ndipo ufungue." Uliniita mama kwa sababu nina jina la mama yako. Ukaweka sikio kwenye mzinga, ukatulia kweli kweli, nikachoka kukusubiri. Kisha ukasema tusiwaguse, wana hasira leo. Nilinuna njia nzima mpaka Tabora, ndoo tupu za asali zikigongana nyuma yetu.

Basi nikaweka spana chini. Nikaliwasha gari, nikaliacha lichemke, nikainamisha sikio. Kulikuwa na mlio mwembamba, ssss, chini ya ule mpira mnene unaopitisha hewa kutoka kwenye sensa kwenda kwenye injini. Nikapulizia maji ya sabuni hapo, na sauti ya injini ikabadilika papo hapo. Hewa ya wizi! Inaingia bila kupita kwenye sensa, kompyuta ya gari inachanganyikiwa, inaongeza mafuta, inapunguza, inaongeza. Nikazima, nikapitisha mkono kule chini nisikokuona. Vidole vikarudi vinanata, vina rangi ya njano. Nikanusa.

Nta, baba. Nta ya nyuki, na juu yake umezungushia kipande cha tyubu ya baiskeli.

Nilikaa chini kwenye vumbi. Wateja wangu kadhaa walishaniambia, "Fundi, hilo gari likipata moto linanukia asali." Niliwajibu kwamba ni gari la mrina asali, linukie nini kingine? Sisi tumekulia kwenye harufu hiyo. Kwetu nani angeuliza inatoka wapi?

Nimempigia mama. "Mama, baba aliwahi kushika injini?" Akasema uliziba mpira kwa ile nta safi uliyokuwa umeiweka kwa ajili ya mishumaa ya Krismasi. Alikuambia ulilete gari kwa binti yako, ukamjibu, "Mwache mtoto. Ana magari ya watu, na watu wanamwamini." Ukamkataza asiniambie, nisije nikajisikia vibaya.

Lo! Baba, najisikia vibaya. Ulikuja hapa mara tatu. Mara ya kwanza ulisema, "Mama, gari linahema vibaya," nami bila kuinua kichwa nikasema njoo Jumatatu. Ukaja Jumatatu, ukanikuta na kazi nyingine, nikasema njoo Jumatatu ijayo. Mara ya tatu nilikuwa na hasira na gari la mteja, nikakutolea wewe: "Baba, la kwako si linatembea?" Ulisema, "Haya, mama," ukaondoka. Nta yako ilishika miezi yote ya baridi. Ukaondoka duniani nayo ikiwa imeshika. Ni joto hili la kabla ya mvua ndilo lililoilainisha.

Nimeweka mpira mpya. Nimempigia kaka nikamwambia mnunuzi asije.

"Limepona?"

"Limepona."

"Basi aje haraka, bei imepanda!"

"Haliuzwi, kaka. Mizinga ya baba Urambo haijarinwa tangu aondoke. Tutaendea nini, miguu?"

Akauliza kama kwenye gari kuna nafasi yake. Sikumjibu mara moja, naye ajue utamu wa kusubiri.

Sasa ninavyoandika injini inawaka, imechemka kabisa, na sailensi imetulia. Ninayepanda na kushuka nimebaki mimi. Nasikiliza, nanyanyuka, nakagua mpira, narudi kukaa. Kuna mtu anagonga geti tena, anaita, "Fundi! Fundi upo?"

Nimemjibu kwa sauti aje kesho. Nimemwambia leo ni Jumatatu, nina gari la baba.

Binti yako, mwenye jina la mama yako