Pudini Uliyonifundisha Kupitia Ua wa Kayaba

Mama mkwe mpendwa,

Siku ya mazishi yako nilisimama mbali, nyuma ya migomba, pale wakwe walipoambiwa wasimame. Watu walienda mbele mmoja mmoja wakakuaga. Mimi niliyeleta fahali, na lori la kubeba watu kutoka Eldoret, sikuruhusiwa hata kuliona sanduku kwa karibu. Desturi ni desturi, sikulalamika. Haya, nililalamika kidogo, lakini kwa binti yako Rispa peke yake, tukiwa njiani. Maneno niliyotaka kukuambia nilirudi nayo nyumbani, na leo mahindi yakiwa ghalani na kazi imepungua, nimeona niyaandike, na atakayetaka kuyasoma asome.

Nianze na siku ile uliyokuja kwetu huku Ziwa, nje ya Eldoret. Unakumbuka tulikuwa hatujamaliza mwaka mzima kwenye shamba letu. Kikundi chetu kilikuwa kimelinunua kwa Mzungu aliyeondoka, tukagawana, na mimi niliyeanza maisha nikibeba magunia pale stoo ya mahindi mjini, kisha nikapandishwa nikawa mpimaji wa mizani, nikapata ekari kumi na mbili. Mtu akiniuliza habari za asubuhi nilimjibu ekari kumi na mbili. Wewe peke yako ndiye hukuuliza. Ulisikia tu kwamba binti yako ana mimba na kila anachokula kinarudi, ukafunga mzigo ukaja.

Kwa kuja sikukulaumu. Mimba ya kwanza ilikuwa imetoka mwaka uliotangulia, na Rispa alikuwa bado anaamka akishika tumbo kama anayetafuta kitu. Nilikulaumu kwa uliyosema ulipofika.

Kwangu hukuingia, na sikutarajia uingie. Kwetu mama mkwe halali kwa mkwe wake wala hali naye chakula, na wakikutana njiani mmoja anaingia majanini mpaka mwingine apite. Ulifikia kwa Mama Chebet, jirani yetu wa upande wa chini. Kati ya boma lake na langu kulikuwa na ua wa kayaba ulioachwa na Mzungu, mrefu kuliko mtu na wenye miiba ya kumtoboa ng'ombe. Uliweka kigoda chako upande ule. Mimi nikaitwa nisimame upande huu.

"Mkwe! Uko hapo?"

"Niko, Mama."

"Binti yangu amekuwa kama ufagio."

"Anapewa kila kitu, Mama. Maziwa, mayai, nyama kila..."

"Sijauliza anapewa nini. Nauliza anakula nini."

Ukaendelea, na kila neno nililisikia kama umelisemea sikioni. Ukasema nimemtoa mtoto wa watu nyumbani, nikamleta kwenye baridi awe mlinzi wa mahindi. Ukasema Jumapili ikifika hajala kitu kikakaa tumboni, Jumatatu utaondoka naye.

Nilikasirika, Mama. Kwani hilo shamba nililinunua nilime peke yangu? Lakini zaidi ya hasira nilikuwa na hofu. Safari ya kurudi kwenu ilikuwa ya siku nzima nyuma ya lori, kwa barabara ile yenye mashimo. Mwanamke asiyebaki na hata kikombe cha chai tumboni angefika vipi? Nilijua tungempoteza na huyu wa pili, na sikujua kama Rispa mwenyewe angerudi.

Usiku ule nilimbembeleza aniambie ni kitu gani duniani anaweza kukila. Akajigeuza kitandani. Kisha akasema, "Ile pudini ya Mama. Ile baridi."

Mimi sikuwahi kuiona. Akanieleza jinsi ulivyokuwa ukipika kwa Wazungu upande wa Soy, na jinsi ulivyomletea mabaki ndani ya mkebe akiwa mdogo: mkate uliogeuka mwekundu wote, na ndani yake matunda, chachu kidogo na tamu kidogo. Haikaangwi wala haiokwi. Haina harufu ya mafuta. Hapo ndipo nilipoelewa, maana harufu ya mafuta ndiyo iliyokuwa ikimwangusha kila siku.

Asubuhi nilikuwa kwenye ua kabla hujanywa chai.

"Mama, Rispa anaomba ile pudini. Tafadhali mtengenezee hapo kwa Mama Chebet. Mimi nitaleta kila kinachohitajika."

Ukauliza, "Nani alimtia hali hiyo?"

Nilitazama huku na huku kama kuna mwanaume mwingine wa kujibu. "Ni mimi, Mama."

"Basi aliyemtia ndiye atampikia."

Mama Chebet alicheka mpaka nikasikia ndoo ya maziwa ikianguka. "Nyinyi watu," akasema, "mnaongea na majani, na sasa mwanaume anaingia jiko! Wacha niite watu wangu waone."

Na kweli aliwaita. Wakati ule mwanaume kuonekana akipuliza moto ilikuwa habari ya wiki nzima. Niliingia jikoni. Nilichuma rasiberi, matunda madogo mekundu yaliyokuwa yameota ovyo nyuma ya nyumba kubwa ya Mzungu, ambayo kikundi kilikuwa kimeigeuza stoo ya mbolea, nikajaza kofia yangu mpaka ikabaki na madoa ambayo hayajatoka hadi leo. Nikayatia kwenye sufuria juu ya moto mdogo kama ulivyosema. Kisha tukagombana kuhusu sukari.

"Kiasi gani, Mama?"

"Ya kutosha."

"Ya kutosha ni vikombe vingapi?"

"Onja."

"Nikionja nitajuaje?"

"Mkwe, kwani huna ulimi?"

Mtu aliyepima magunia miaka yote ile, gunia likipungua ratili moja anajua, unamwambia aonje! Lakini nilionja. Ukaniambia nisiache matunda yachemke, yakishatoa maji yake tu niyatoe. Nichukue bakuli, niupange mkate ndani yake chini na pembeni pasibaki hata ufa, nimimine matunda, nifunike kwa mkate mwingine, juu niweke sahani inayoingia ndani ya bakuli, na juu ya sahani kitu kizito. Ilale mahali pa baridi mpaka asubuhi. Baridi hiyo ndiyo uliyonilaumia, na kumbe bila hiyo pudini haisimami. Nilikuwa na hamu ya kukuambia hivyo. Nikayameza maneno.

Na uliniambia mkate uwe wa siku nyingi, mkavu. Hilo nililisikia vizuri, sikatai. Lakini fikiria ulikuwa unamwambia nani. Nilikulia kwenye mkate mkavu wa kutupiwa. Nilijitoa huko kwa mgongo wangu. Leo nina shamba, mke wangu ni mgonjwa, mama yake ameketi nyuma ya ua anasubiri kosa langu ampeleke kwao, halafu nimlishe binti yake makombo? Hapana. Nilipanda baiskeli, nikanunua mikate miwili iliyotoka kuokwa, laini kama pamba, na sikumwambia mtu.

Ijumaa asubuhi nilipindua bakuli mbele ya Rispa. Ile pudini haikutoka, ilimwagika. Ilienea kwenye sahani kama uji wa wimbi, ikafika ukingoni, ikaendelea mpaka mezani. Rispa aliitazama mara moja akatoka nje akikimbia. Kabla sijajua nitasema nini, Mama Chebet, aliyekuwa amekuja kuchungulia, alikuwa amekwisha kutangaza kwa sauti, "Mama Rispa! Kitu imelala!"

"Mkwe. Mkate ulikuwa wa lini?"

"Wa jana, Mama. Ulikuwa moto moto."

"Mimi nilisema nini?"

"Ulisema mkavu."

"Na wewe ukanunua laini."

"Sikutaka kumlisha mke wangu makombo."

Nilidhani umeinuka umeenda kufunga mzigo. Nilisikia kuku wa Mama Chebet, nikasikia Rispa akitapika nyuma ya nyumba. Sauti yako iliporudi ilikuwa imeshuka kidogo.

"Mkate laini umeshiba maji yake mwenyewe, mwanangu. Ule mkavu ndio una kiu. Unakunywa maji ya matunda, halafu unashikana."

Mwanangu. Ulidhani sikusikia? Lakini nakuambia hata sasa: ungenieleza hivyo tangu mwanzo, mikate miwili isingeharibika na siku moja isingepotea. Kosa lile nusu ni la mwalimu.

Ilikuwa Ijumaa, na mkate mpya hauwezi kukaushwa kwa siku moja ukawa vile unavyotakiwa. Nilirudi madukani pale senta, kwa Baba Wanjiru, mzee wa kutoka Murang'a ambaye kila mara niliponunua chumvi nilimkumbusha ekari zangu. Duka lilijaa watu, kwa sababu siku ya aibu duka hujaa.

"Nataka mkate wa zamani," nikasema chini chini.

"Wa kuku?" akauliza kwa sauti ya mnada.

"Wa mtu."

"Mtu gani huyo?"

"Mke wangu."

Aliweka mikono yake juu ya kaunta. "Ekari kumi na mbili, na mama anakula mkate ya kuku! Si ungenunua ekari kumi, ubakishe pesa ya mkate?"

Watu walicheka, na mwenye kucheka zaidi alikuwa mwanachama mwenzangu wa kikundi. Baba Wanjiru akainama chini ya kaunta akatoa mikate mitatu migumu kama matofali. Nikaingiza mkono mfukoni, akanizuia. "Chukua bure, Mzee. Usije ukauza shamba."

Jumamosi nilifanya kila kitu upya, na wewe ukisema kutoka upande wako. Nilikata kingo za mkate. Nilipanga vipande vikilaliana kama mabati ya paa, nikavihesabu, na uliposikia nahesabu uliguna. Kwa uzito nilitumia jiwe la mizani la ratili tatu, nililopewa na msimamizi wangu nilipoacha kazi stoo. Nikalifunika bakuli, nikaliweka ndani ya karai lenye maji, nje, upande wa kivuli.

Jumapili kengele ya kanisa ililia na hakuna aliyeenda, si wewe, si sisi, na hata Mama Chebet alikaa. Nilipindua bakuli, nikasubiri, nikainua. Ikabaki imesimama. Nyekundu ya kuelekea zambarau, laini pande zote, isipokuwa mahali pamoja palipobaki peupe, nami nikapamiminia maji ya matunda yaliyobaki kama ulivyoniagiza. Nikamkatia Rispa kipande kidogo. Akala kijiko kimoja. Akaweka kijiko chini, akafumba macho.

"Mkwe?"

"Subiri, Mama."

"Imekaa?"

"Subiri kwanza."

Akachukua kijiko cha pili, na cha tatu. Akakaa. Tukakaa. Nilikuwa nimeshika ndoo tayari kama mtu anayesubiri ng'ombe apige teke. Kisha akanisogezea sahani, tupu.

"Mama," nikasema, "ameomba nyingine."

Nilisikia ukipenga kamasi kwenye leso, nikasikia Mama Chebet akisema, "Haya, haya, sasa unalia nini na mtoto amekula?"

Jumatatu uliondoka peke yako. Rispa alikuwa amekupelekea kipande upande ule, na uliponiaga uliniambia hivi tu: "Mkwe, jiwe lilikuwa zito sana. Imebanwa mno. Mara nyingine weka dogo." Sikupata asante. Nilisubiri asante hiyo nikiwa bado nimesimama pale na wewe ukiwa umekwisha kufika barabarani. Baadaye, nikipalilia, ndipo nilipofikiria vizuri maneno yale. Mara nyingine.

Rispa alikula hiyo pudini hadi msimu wa rasiberi ulipokwisha, na kufikia hapo alikuwa anakula ugali na kuniibia nyama kwenye sahani. Mtoto alizaliwa hospitali ya Eldoret, msichana, mzito, na nilimpima mwenyewe kwa macho kabla nesi hajasema. Sasa watoto ni watatu. Ng'ombe wanakamwa saba. Nyumba ni ya mawe. Vile vichaka vya rasiberi nilivihamishia kwangu, na Rispa ananiambia nipike pudini kila Krismasi, na wanaume wa kikundi wanakuja kula. Nimetosheka, Mama. Sikuwahi kulisema hilo mbele yako kwa sababu nilitaka wewe uanze.

Lakini kuna jambo moja bado nakudai. Msichana huyo alipozaliwa ulituma ujumbe kwamba apewe jina lako. Wazee wote walinipa mkono, wakasema mama mkwe akiweka jina lake ndani ya nyumba yako amemaliza maneno yote. Ni kweli. Lakini jina la mama mkwe mimi siruhusiwi kulitamka! Ulinipa heshima kubwa kuliko zote na ukaniziba mdomo kwa hiyo hiyo. Mtoto wangu mwenyewe namwita Mama. Nikimtafuta shambani napiga mluzi.

Mwaka huu nilimpeleka kuandikishwa darasa la kwanza. Mstari ulikuwa mrefu, na mwalimu ni kijana mgeni, ametoka upande wa Kisumu.

"Jina la mtoto, Mzee?"

"Ni huyu hapa."

"Namwona. Anaitwa nani?"

Nikakohoa. Watu wa nyuma yangu, wanaojua, wakaanza kucheka. Mwalimu akanitazama kama baba asiyemjua mtoto wake. Ndipo mjukuu wako akaniachia mkono, akasogea mpaka kwenye meza, akalisema jina lako, lote, kwa sauti ya kufika barabarani.

"Umesikia, mwalimu," nikasema. "Andika."

Pumzika salama, Mama.

Ni mimi mkwe wako,
wa Ziwa.