Columbus Walimtaka Espoir

Jumamosi jioni, Louisville

Tumeshinda! Sauti sina, nimeiacha ukumbini.

Na aliyemaliza mechi ni Espoir, yuleyule dogo ambaye timu ya kikapu ya Columbus walimtaka, eti watupe wanaume wawili wazoefu. Mimi kocha wake moyoni nilishakubali. Ligi yenyewe ya kulipwa kidogo, tunapigwa kila wiki, na wenye maduka wa West Side, kwetu Buffalo, wanaotudhamini walisema tukifungwa na leo, wanajitoa.

Mama yake ndiye aliyenizuia. Kwao Wakongo mtoto haondoki bila wakubwa kukaa, basi bosi wa Columbus ikabidi aje Buffalo na kreti za soda na mjomba wa kumsemea, kama anakuja kuposa. Nilicheka mpaka basi! Mama Espoir akawalisha sombe, kisamvu cha kwao, wakashiba, ndipo akasema, "Bon, muko batu bazuri. Lakini mutoto hayaiva bado. Sombe yenye haiyaiva, mutu anaitosha ku moto?"

Mjomba akafuta mdomo. "Shemeji, hapo umetuweza."

Leo sekunde za mwisho tuko nyuma kwa pointi moja, Espoir karuka juu ya lile jitu la Louisville, kadumbukiza. Nikamkumbatia refa!

Naogopa, Columbus watarudi. Warudi tu.

Muuza vitenge, mdhamini wetu mkubwa, kapiga simu sasa hivi anauliza jezi za msimu ujao tunataka saizi gani. Nimemwambia zilezile, ila ya Espoir aongeze, bado anakua.